Naomba ushauri: pedali ya MIDI imegoma kubadili sauti za kinanda, shoo ni Jumamosi

Mguu Mzito: Wakuu habarini. Napiga kinanda kwenye bendi. Nimepata pedali ya MIDI ya kukanyaga (MIDI ni lugha ya vyombo vya muziki kutumiana amri), ina vitufe vinane. Nia yangu nibadili sauti kwa mguu, piano, stringi, ogani, tarumbeta, mikono isitoke kwenye funguo. Tangu juzi nakanyaga. Taa zinawaka, namba zinabadilika kwenye kioo cha pedali, lakini kinanda kimetulia tuli kama hakihusiki. Kitabu cha maelekezo nimekisoma mara mbili. Msaada tafadhali, kejeli hapana.

Ngoma Tatu: Kejeli hapana? Basi sina mchango.

Fundi Nyaya: Angalia chaneli. MIDI ina chaneli 16. Pedali ikisemea ya 1 na kinanda kinasikiliza ya 4, mtakanyagana mpaka kesho. Pia hakikisha kinanda kimeruhusiwa kupokea programu chenji, yaani amri ya kubadili sauti, maana vingine vinakuja vikiwa vimezimwa kwenye menyu.

Mzee wa Besi: Vijana mna raha. Kabla ya hiyo MIDI kutoka mwaka 1983, mpiga ogani wetu alikuwa anabadili sauti kwa mkono wa kushoto huku anaitikia wimbo. Siku moja alikosea kibao katikati ya wimbo wa taratibu, watu wakadhani ndiyo tumeingia kwenye sebene. Wakacheza. Na sisi tukaendelea hivyo hivyo.

Bi Solfa: Mleta mada, pedali na kinanda vimeunganishwa kwa waya gani? Katikati kuna kompyuta?

Mguu Mzito: Waya hauna shida dada. Chaneli ni 1 pande zote, na kinanda kinaruhusu kupokea.

Bi Solfa: Sijauliza kama una shida. Nimeuliza ni waya gani.

Mguu Mzito: USB. Toka pedali moja kwa moja mpaka kinanda. Kompyuta siitaki jukwaani, iliwahi kuniganda katikati ya wimbo nikabaki nimekodoa macho. Halafu niseme tu ukweli: mwenzangu wa kinanda cha pili nimeshamwambia Jumamosi asije, sauti zake zote nimezipanga kwenye pedali. Kurudi nyuma haiwezekani.

Mwalimu wa Kwaya: Yaani umemwacha mtu kabla hujajua kama chombo kinafanya kazi? Pedali haikutazami usoni ukipotea kwenye wimbo. Mtu anakutazama, anakufuata.

Mguu Mzito: Mwalimu, mwenzangu mwenyewe alikuwa anachelewa mazoezi. Sijamfukuza, nimempumzisha.

Bi Solfa: Turudi kwenye waya. Kwenye USB lazima mmoja awe mwenyeji na mwingine mgeni. Kompyuta ni mwenyeji. Pedali yako na kinanda chako, kama vyote vina lile tundu la mraba, ni wageni wawili wanagongeana mlango wakati mwenye nyumba hayupo. Hata ukae mwaka mzima hapo hakipiti kitu.

Sina Haraka: Ngoja kwanza. Hii chai. Tundu la mraba la kinanda halitoi umeme, sasa taa za pedali zinawashwa na nini? Na waya wenye kichwa cha mraba pande zote mbili umeutoa wapi? Jamaa hana hata pedali, anatupotezea muda.

Ngoma Tatu: 😂😂 Mwenye pedali ajitokeze.

Mguu Mzito: Mkuu usinivunjie heshima. Pedali ina adapta yake ya umeme. Waya nilichukua nyaya mbili za printa, nikaziunga katikati kwa kile kiunganishi chenye matundu pande zote mbili. Picha hiyo hapo.

Sina Haraka: Nimeiona. Naomba radhi. Hili haliwezi kutungwa.

Bi Solfa: Kwenye picha naona nyuma ya kinanda kuna matundu ya mviringo yenye pini tano. Ni ya nini?

Mguu Mzito: Nilidhani ni ya maikrofoni za zamani.

Bi Solfa: Hiyo ndiyo MIDI yenyewe kaka! Tafuta waya wa pini tano. OUT ya pedali iende IN ya kinanda. Usichomeke OUT kwa OUT kama walivyofanya wengi wetu siku ya kwanza. Urefu usizidi mita 15.

Mguu Mzito: Wakuu!!! Kimebadilika! Ila nikikanyaga 1 inatoka sauti ya 2, nikikanyaga 2 inatoka ya 3. Na tarumbeta haipatikani kabisa.

Fundi Nyaya: Hapo umeshafika. Ndani ya MIDI programu zinahesabiwa 0 hadi 127, vyombo vingine vinakuonyesha 1 hadi 128. Kwako punguza moja kila kitufe. Tarumbeta itakuwa benki nyingine, yaani fungu jingine la sauti: tuma CC 0 na CC 32 kwanza (CC ni amri za MIDI za kudhibiti chombo), namba za benki utazikuta kwenye orodha ya sauti nyuma ya kitabu, kisha ndiyo programu chenji. Na usibadili sauti ukiwa umekanyaga sasteini, ile pedali ya kuvuta noti, kwenye baadhi ya vinanda noti inaning'inia haikatiki. Kitufe cha nane kiwekee CC 123, thamani 0, kizime noti zote likikukuta.

Mguu Mzito: Cha nane nilikipangia ogani.

Fundi Nyaya: Ogani utaikumbuka noti ikikataa kukata mbele za watu.

Mwalimu wa Kwaya: Na yule wa kinanda cha pili?

Mguu Mzito: Nimempigia mara mbili. Hapokei.

Kidole Gumba: Samahani wakuu kuingilia. Pedali yangu ya sasteini inafanya kinyume, nikikanyaga inakata, nikiachia inavuta. Tatizo nini?

Bi Solfa: Unawasha kinanda ukiwa umeikanyaga. Toa mguu, zima, washa upya. Ikigoma, anzisha uzi wako.