Je, glavu za kuendeshea zina faida kwa mpenda magari, au ni pambo tu?

Ndugu aliyeanzisha mjadala huu ameandika kwamba glavu za kuendeshea ni pambo la watu wanaopenda kuonekana, na kwamba dereva anayeijua kazi yake hahitaji kitu chochote kati ya kiganja na usukani. Mwenzetu mwingine akamjibu kwamba, kama zingekuwa hazina maana, madereva wa mbio wasingezivaa. Nawaheshimu wote wawili, lakini hakuna kati yao aliyeuliza usukani wenyewe ni wa aina gani, na hapo ndipo jibu lilipo. Msimamo wangu ni kwamba glavu zina faida ya kweli kwa mwenye gari la zamani, ilhali kwa mwenye gari la kisasa faida hiyo ni ndogo mno.

Nianze na hoja ya mbio, kwa kuwa imewapoteza wengi. Glavu za mashindano hushonwa kwa nyuzi zinazostahimili moto, kama zile za Nomex, na FIA, chombo kinachosimamia michezo ya magari duniani, inazilazimisha hasa kwa ajili ya hatari ya moto. Tarehe 29 Novemba 2020, katika mbio za Formula 1 nchini Bahrain, gari la Romain Grosjean lilipenya kizuizi cha chuma cha pembeni mwa njia na kulipuka moto. Alijinasua baada ya takriban sekunde 28, akiwa ameungua mikono ingawa alikuwa amevaa glavu za aina hiyo. Katika rali nako dereva hulazimika kuzivaa, wakati msoma ramani aliyeketi kando yake, ambaye kazi yake ni kufunua kurasa za daftari njia nzima, ameachiwa hiari. Kuichukua sababu hiyo na kuihamishia kwenye glavu ya ngozi laini yenye matundu mgongoni na kifungo kimoja kifundoni ni kudai kinga isiyokuwepo.

Faida ya glavu ya ngozi ni mshiko. Magari ya mwanzo yalikuwa wazi, upepo wa baridi wa Ulaya ukimpiga dereva mikononi, na usukani wake ulikuwa wa mbao au chuma kitupu. Baadaye magari yalifunikwa, lakini usukani mwembamba wa mbao iliyopakwa vanishi uliendelea kupendwa, na ule wa Mwitalia Enrico Nardi unathaminiwa na wapenda magari hadi leo. Zaidi ya hayo, mfumo wa haidroliki unaosaidia kugeuza usukani, ambao mafundi wetu huuita pawa steringi, uliingia sokoni katika magari ya Chrysler mwaka 1951, na magari mengi yaliendelea kuundwa bila mfumo huo kwa miaka mingi. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, lilitoka kiwandani bila pawa steringi.

Tazama kinachotokea mkononi katika gari la namna hiyo. Kiganja kikitoa jasho, vanishi huteleza. Dereva hukaza vidole ili usukani usimponyoke kwenye kona, na kadiri anavyokaza ndivyo misuli ya mkono inavyochoka, na ndivyo anavyozidi kupoteza ile mitetemo midogo inayomwambia magurudumu ya mbele yameshika lami au yameanza kuserereka. Ngozi nyembamba isiyo na bitana hushika mbao bila kukazwa, hivyo dereva anaweza kulegeza vidole na kuzipata tena hisia hizo. Ndiyo maana nasema ngozi nyembamba: ngozi ya kondoo wa Ethiopia inasifika kwa kazi hii kwa sababu ni laini na imara kwa pamoja. Glavu ya sufu, au ile ya bei poa yenye bitana nene inayozunguka kwenye vidole, ni mbaya kuliko mkono mtupu, na anayeivaa anajiongezea hatari.

Jua nalo lisisahauliwe. Gari likishinda limeegeshwa juani Mombasa au Dar es Salaam, sehemu ya juu ya usukani huunguza, na dereva huondoka akiugusa kwa ncha za vidole huku akiingia barabarani penye msongamano. Glavu husaidia hapo, ingawa kitambaa kilichotandikwa juu ya usukani hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo.

Kwa gari la kisasa naungana na aliyeanzisha mjadala. Usukani wake tayari ni mnene na mara nyingi umevikwa ngozi, pawa steringi imeondoa uzito, na skrini nyingi za kugusa haziusikii mkono uliofunikwa kwa ngozi ya kawaida. Dereva anayevua glavu kwa meno ili abadilishe kituo cha redio huku gari likikimbia amejitengenezea tatizo ambalo hakuwa nalo.

Jambo moja kwa wenzangu wa Land Rover za zamani: glavu haizuii usukani kurudi kwa kishindo gurudumu linapogonga jiwe. Kidole gumba kiwekwe nje ya mduara wa usukani, glavu iwepo au isiwepo.

Wanaopeleka magari yao kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, wanazo sukani za mbao na wanaweza kutuambia zaidi. Naye ndugu yangu aliyezikataa glavu zote kwa pamoja, namwomba atueleze alizijaribu kwenye usukani wa aina gani, na kama amewahi kuteremka Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, na gari lisilo na pawa steringi huku viganja vikitoka jasho.