Wadau naombeni ushauri, steringi wetu hajui kuimba

Binti_Pasua: Habari zenu wakuu. Tupo kikundi huku Moshi tunatengeneza muvi fupi ya nyimbo, ya kuchekesha tu, binti anauza vitenge Mbuyuni kampenda fundi baiskeli ila anajifanya mtoto wa kishua mpaka shoga yake anamchoka. Sasa huyu anayecheza fundi anaigiza mpaka raha, kucheza anajua, sura ipo, shida afungue mdomo kuimba, mbuzi wa Njoro wote wanaitika. Rafiki yake ndo ana sauti, ila kamera ikiwaka anaganda. Nimewaza mmoja aingize sauti studio mwingine afuatishe mdomo tu, ila naona kama utapeli maana stori yenyewe inahusu mtu kuwa yeye, halafu hawa ni marafiki toka shule ya msingi sitaki kuwagombanisha. Nifanyeje?

Chalii_Sakina: Utapeli gani sasa dada, muvi za Kihindi tulizokulia nazo si ndo hivyo hivyo, yule mwimbaji Lata Mangeshkar kawaimbia waigizaji miaka na miaka na hakuna aliyedai arudishiwe hela ya tiketi.

Mama_Wawili: Hata muvi ya High School Musical ya 2006, sauti ya steringi Zac Efron kwenye nyimbo imechanganywa na ya mwimbaji Drew Seeley, tena sehemu kubwa ni ya Seeley, na sisi hosteli tulikuwa tunalia tukijua ni Zac 😂 Ya pili, 2007, akaimba mwenyewe. Mpeni dogo muda.

Mzee_wa_Reli: Binti, sauti si tatizo, tatizo ni jina. Filamu ya West Side Story ya 1961, mwimbaji Marni Nixon ndiye alimwimbia mwigizaji Natalie Wood, na kwenye filamu hakutajwa. Sasa nyie mkiweka YouTube hela ikaanza kuingia ndo urafiki utakapovunjika, kwahiyo andikishaneni mapema nani anapata nini, nyimbo mkasajili COSOTA, wale wa hakimiliki, na kibali cha Bodi ya Filamu msisubiri mpaka mkutwe stendi na kamera. Halafu kama mnataka mlima uonekane pigeni picha alfajiri, ikichelewa wingu limeshafunika.

Meku_Mtata: Aisee mbona mnahangaika, si muvi ya kuchekesha? Muache aimbe vibaya hivyo hivyo! Mwenye sauti asikike kwenye redio ya pale gereji, fundi anadakia wimbo anauharibu, wateja wanakimbia, binti ndo kwanza anazidi kupenda.

Binti_Pasua: @Meku_Mtata wewe mangi ubarikiwe, REDIO! Inabaki wimbo wa mwisho, pale wanapopatana siwezi kuruhusu watu wacheke, huo atafuatisha mdomo na jina la mwimbaji naliweka mwanzoni kabisa kwa herufi kubwa. Mzee wa Reli shikamoo, karatasi tunasaini Jumamosi. Ila Mama Wawili umeniponza, steringi kasoma komenti yako sasa hivi ananitumia voisi noti za mazoezi mpaka saa saba usiku, namzuiaje huyu?