Naomba ushauri: sala za Juma Kuu nyumbani na mgonjwa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mama mkwe anaishi nasi, miguu haimbebi tena, na kanisani ni mbali. Padre atamletea Komunyo, hilo limeshapangwa. Shida yangu ni sala zenyewe kuanzia Alhamisi Kuu mpaka Mkesha wa Pasaka.

Ijumaa Kuu nimewaza Njia ya Msalaba saa tisa alasiri, vituo vyote 14. Lakini bibi huchoka upesi, na wajukuu wakifika kituo cha sita wanaanza kusukumana. Je, nigawe vituo asubuhi na jioni, au nisome Mateso ya Yesu katika Injili ya Yohane peke yake tukiwa tumekaa? Mwenyewe naegemea Mateso, maana ndiyo yanayosomwa kanisani siku hiyo, ila bibi anazipenda zile nyimbo za vituo, anaziimba kwa kichwa.

Mkesha una masomo 7 ya Agano la Kale. Najua yanaweza kupunguzwa, ila lile la Kutoka sura ya 14 haliachwi. Mengine mngechagua yapi kwa watoto wa miaka sita hadi kumi?

Halafu shemeji zangu ni Walutheri na watakuwepo. Rozari wataona ngeni. Zaburi ya 22 nadhani itatuweka pamoja. Na Alhamisi, kuoshana miguu nyumbani kunafaa, au ni kuigiza tu kazi ya padre?

Mwenye uzoefu wa kusali na mgonjwa anisaidie kabla ya Jumapili ya Matawi.