Besi lisilo na freti: ning'oe freti za langu, niagize la kiwandani, au nichongeshe shingo mpya?

BesiNyakato
Habari zenu wadau. Niko Mwanza, napiga gita la besi, lile lenye freti, yaani vyuma vidogo vinavyokatiza shingo kutenganisha noti. Siku nyingi natamani ile sauti ya besi lisilo na freti, noti inavyochanua baada ya kuipiga na unavyoteleza kutoka noti hadi noti bila ngazi. Mwisho wa mwezi nitakuwa na hela, kwa hiyo nataka kuamua. Njia ninazoziona ni kung'oa freti za besi langu la zamani, au kuagiza la kiwandani kupitia mtu wa Dar. Pia kuna seremala huku Igoma, kazi zake safi sana, anasema ananichongea shingo mpya ya mpingo. Ipi bora? Naomba ushauri wa walioshika vyombo hivi kwa mikono yao.

Fundi_Pasiansi
Mkuu, swali lako nusu. Besi gani hilo la zamani? Ubao wa vidole, pale unapobonyezea nyuzi, ni wa kahawia usiopakwa kitu, au mweupe wenye vanishi? Nondo iliyo ndani ya shingo, ile ya kuinyoosha, bado inazunguka? Bajeti kiasi gani? Bila hayo tutakupa maneno tu.

SautiYaNne
Na mimi naongeza: unapiga huku unaimba? Nauliza kwa sababu kwaya nyingi huku kwetu mpiga besi anaimba pia. Kwenye besi lisilo na freti sikio linatakiwa likae kwenye chombo muda wote. Ukiimba, vidole vinafuata koo lako, na koo likishuka, besi linashuka nalo.

MzeeWaDansi
Nunua la kiwandani, kijana. Kampuni ya Ampeg walianza kuyauza 1966, Fender wakafuata na besi lao la Precision 1970. Kiwanda kinajua kimo cha nyuzi, shingo imenyooka, kazi yako ni kujifunza tu. Bill Wyman, yule wa Rolling Stones, aling'oa freti za lake 1961, lakini wakati huo dukani hakukuwa na la kununua. Wewe lipo.

KirumbaLow
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, asing'oe, na acha nimweleze huyu ndugu yaliyonikuta mimi.

Nilipeleka besi langu kwa fundi mmoja anayetengeneza magita na redio, simtaji. Akaniambia kazi ya asubuhi moja. Kumbe alizing'oa baridi, kwa koleo, bila kuzipasha moto. Kila freti ina meno madogo chini yanayong'ata mbao, ukiivuta kwa nguvu inatoka na vipande. Ubao ukawa kama umeliwa na mchwa kila penye mstari. Halafu akaziba mifereji kwa bodifila, ile ya kunyooshea milango ya gari, akapiga msasa, akapaka vanishi. Kwa macho likapendeza kabisa.

Nikafunga nyuzi jioni ile nyumbani. Kesho yake uzi wa chini uko juu sana, katikati ya shingo kidole kidogo kinapita. Shingo imejikunja mbele. Nikamrudia, akasema ni mvua za masika. Mvua gani! Freti zinakaa kwenye mifereji kama kabari, zinasukuma mbao na kuisaidia shingo kushindana na mvuto wa nyuzi. Ukizitoa ukajaza kitu laini, mifereji inabanwa na shingo inakunjika. Nikakaza nondo mpaka ikagoma. Na ule mfupa wa juu wanakopita nyuzi hakuugusa, wakati freti zikiondoka nyuzi zinabaki juu kwa karibu milimita moja zaidi, kwa hiyo noti za mwanzo zilikuwa zinaumiza kidole. Hela hakunirudishia, shingo hakunilipa. Besi lile nililipenda, na mpaka leo nikiona shingo yake ukutani naumia.

Fundi_Pasiansi
Pole sana kaka. Lakini hilo ni kosa la mikono ya mtu, njia yenyewe haina tatizo. Freti unaipasha kwa pasi ya solda hadi mbao itoe harufu, kisha unaiinua polepole kwa koleo lenye mdomo uliosagwa bapa, kuanzia pembeni kwenda katikati. Mfereji una upana wa nusu milimita na ushee. Unajaza vipande vyembamba vya mbao ngumu vinavyoingia kwa kubana, gundi, unasubiri ikauke, ndipo msasa juu ya kibao kilichonyooka. Ukitumia mbao ya rangi tofauti, unabaki na mistari inayokuonyesha freti zilipokuwa.

UdiNaBesi
Mistari ya nini? Mimi nimekulia Unguja, nikajifunza udi kabla ya besi. Udi hauna freti wala mstari, fidla hivyohivyo, na dabo besi la taarabu pia, lile kubwa la kusimamisha. Mkono unajua njia. Ukimpa mtu mistari atapiga kwa macho maisha yake yote. Ng'oa, ziba kwa mbao ya rangi ileile, basi.

SautiYaNne
Kaka, udi ni mfupi. Besi la kawaida uzi una urefu wa sentimita 86 hivi. Noti ya kwanza iko karibu milimita 48 kutoka kwenye mfupa wa juu, lakini ukifika katikati ya uzi, kutoka noti hadi noti ni milimita 24 tu. Kukosea milimita 3 huku karibu na mfupa wengi hawatasikia. Kosea hizohizo 3 kule katikati, kosa limekuwa kubwa mara mbili, na kinanda kipo pembeni kinakuumbua. Mistari ibaki. Na ajue kwamba kidole kinakaa juu ya mstari wenyewe, siyo nyuma yake kama alivyozoea kwenye freti.

UdiNaBesi
Dabo besi uzi wake unapita mita moja na wanapiga bila mstari. Urefu siyo hoja.

MwanaTarime
Mnabishana kama hiki kitu kimetoka Ulaya. Vyombo vyote vya kwetu kuzunguka ziwa havina freti! Litungu, nyatiti, enanga ya Bukoba, orutu.

Bujora_Kisesa
Ndugu, tuvitenganishe. Litungu na nyatiti vina nyuzi nane, kila uzi noti yake, hakuna mahali pa kubana kidole, kwa hiyo suala la freti halipo. Enanga nayo ni hivyohivyo, nyuzi zimepita juu ya ubao uliochimbwa na unazidonoa. Orutu ndiyo mfano sahihi: uzi mmoja, upinde, na vidole vinatafuta noti vyenyewe. Tena kuna zeze la ubao lenye vinundu vilivyochongwa juu yake, na hizo ni freti kabisa.

MwanaTarime
Hapo kwenye orutu tumeelewana. Babu yangu aliipiga, na sijawahi kumsikia akikosa noti.

BesiNyakato
Wabeja sana wote. Majibu: besi ni la nyuzi nne, la kichina, ubao wa vidole wa kahawia haujapakwa kitu, nondo inazunguka. Bajeti laki nne. Napiga kwaya na bendi ya harusi, na ndiyo, naimba sauti ya nne. Nimesoma pia kwamba Jaco Pastorius, yule mpiga besi maarufu, aliupaka ubao wa Fender lake la 1962 epoksi ya boti. Huku Mwanza boti zinatengenezwa kila mahali. Si nichukue hiyohiyo?

Fundi_Pasiansi
Kwa laki nne, la kiwandani la maana lisahau.

BotiNansio
Nafanya kazi ya boti, hapa naomba nisikilizwe. Kinachopakwa kwenye boti nyingi za fiberglasi ni poliesta, siyo epoksi. Zote zinachanganywa na hadina, yaani dawa ya kugandisha, zote zinang'aa, lakini poliesta inasinyaa ikikauka na haishiki vizuri mbao zenye mafuta. Muulize muuzaji, soma kopo, kama kopo halina maandishi achana nalo. Hata epoksi yenyewe, futa ubao kwanza kwa asitoni, usipake siku ya mvua, vaa glavu na kaa nje. Ikikauka ni ngumu kama kioo, ndiyo maana Jaco aliweza kutumia nyuzi za mkwaruzo, zile zilizozungushiwa waya wa duara. Bila epoksi, nyuzi hizo zinachimba ubao, funga nyuzi bapa, zile laini juu.

MzeeWaDansi
Nyuzi bapa nazo bei yake unaijua? Na Mwanza nzima utazipata duka gani?

KirumbaLow
Na huo mpingo wa Igoma unatoka wapi? Uliza kama umekauka. Mpingo ni mzito, unazama majini, na unakauka polepole mno. Shingo nzima ya mpingo itakuvuta bega kila ibada. Mwambie achonge shingo ya mninga mkavu, mpingo uwe ubao wa juu tu, na akuonyeshe kibali cha kusafirisha mbao.

Fundi_Pasiansi
Mninga kwa shingo? Hapana kaka. Mninga ni mzuri kwa kiwiliwili, kwa shingo ni laini kwangu.

KirumbaLow
Nimeona shingo ya mninga imekaa miaka na haijapinda.

BesiNyakato
Jumamosi nitapita Igoma nikaangalie hizo mbao kwa macho, nitaweka picha. Lakini nikisoma hapa naelekea kung'oa langu, mistari ibaki. Fundi, kazi hiyo unaipokea? Na ule mfupa wa juu utaushusha?

Fundi_Pasiansi
Naipokea. Njoo nalo likiwa na nyuzi zake zilizokazwa kama unavyopiga, nione shingo inavyolala kabla sijagusa chochote.

UdiNaBesi
Ficha mistari, nakusihi.

MamaKinanda
Samahani nawaingilia. BesiNyakato, kwenye hizo harusi mnatumia spika gani ya besi? Ya kwetu imepasuka na tuna kazi Sengerema mwezi ujao.