Kasha jipya Mji Mkongwe, la zamani liko mita 118: nisogeze, nifanye fumbo au nisubiri?

MpandaNgazi (Unguja)

Habari za jioni wenzangu. Nataka kuweka kasha langu la kwanza la jiokashi, ule mchezo wa kuficha makasha na kuyatafuta kwa GPS, na nimekwama kabla sijaanza. Mahali ninapopataka ni kwenye mlango mmoja wa nakshi kule Hurumzi. Marehemu babu yangu alikuwa seremala. Nilipokuwa mdogo alinisimamisha mbele ya mlango ule, akanipitisha kidole kwenye mnyororo uliochongwa juu ya miimo, kisha kwenye mfaa wa katikati, akinieleza patasi ilianzia wapi na iliishia wapi. Kwa hiyo si mahali popote tu kwangu.

Tatizo: kuna kasha la mtu mwingine upande wa Forodhani, na kwa kipimo changu ni mita 118. Sharti la mchezo linasema kati ya kasha na kasha ziwe angalau mita 161. Naona njia tatu: nisogeze langu mbele hadi litoshe, nifanye kasha la fumbo (mtafutaji atatue kwanza ndipo ajue kopo liko wapi), au nisubiri lile la zamani liondolewe, maana halina dalili ya kutunzwa. Waliowahi kupita hapa, mngechagua ipi?

Bi_Dira (Dar es Salaam)

Karibu sana, kaka. Kwanza tuelewane kinachopimwa. Zile mita 161 ni futi 528, yaani sehemu moja ya kumi ya maili, na hupimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Vichochoro vyenu vikimzungusha mtu dakika tano, hilo halihesabiwi. La pili, na hapa ndipo wengi tunapokosea, kinachopimwa ni kitu ulichokiweka kwa mkono: kopo, kibati, kadi uliyoificha. Mlango haukuwekwa na wewe. Ukimwambia mtu aende mlangoni, ahesabu kitu, kisha jibu limpe koodineti (namba za mahali kwenye ramani) za kasha lililo mbali, mlango hauzuiwi na kasha la mtu yeyote. Hata ukiwa umeegemeana nalo.

Kwa hiyo mimi nisingesogeza. Ukisogeza kasha la kawaida mita 43, utajikuta nyuma ya duka ambalo halikuhusu, na babu yako hayupo tena kwenye hadithi.

KofiaNyekundu (Berlin)

Naunga mkono, ila nitetee kidogo hilo sharti, maana wengi huliona usumbufu. Huku niliko makasha yamejaa hadi ukisimama njia panda unayaona manne kwenye simu. Niliwahi kuingiza mkono chini ya benchi la bustani, nikatoa kikopo, nikatia sahihi kwenye karatasi iliyokuwa ndani, nikarudi nyumbani na furaha yangu. Kumbe lilikuwa kituo cha pili cha kasha la vituo (kituo kimoja kinakuelekeza kingine) la mtu mwingine kabisa. Mwenye nalo alinikuta kwenye karatasi yake, na kasha nililolitafuta halikuwa na jina langu. Sharti lipo kwa ajili ya hilo: ukikuta kopo, uwe na hakika ni lile ulilofuata.

Kwenu tatizo hili ni kubwa zaidi. Kuta za mawe, ghorofa tatu, vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kujibana. GPS hurukaruka, ikakupa mita 20 za makosa bila kukuambia. Pima siku tatu tofauti, uchukue wastani.

Na kipimo cha haraka: kwenye latitudo, mita 161 ni kama dakika 0.087 (dakika ya ramani, sehemu moja ya sitini ya nyuzi). Kwako karibu na ikweta, longitudo nayo ni karibu hivyo hivyo. Huku Berlin longitudo inataka kama 0.142, kwa hiyo usinakili hesabu ya mtu wa Ulaya.

MpandaNgazi

Ahsanteni. Nimepima tena leo asubuhi, nimepata 124. Bado haifiki. Lakini nirudi kwenye kusubiri. Lile la zamani niliwahi kulitafuta mara mbili, sikulipata. Waliopita kabla yangu nao wameandika hivyo hivyo. Kwa nini kasha ambalo halipo liendelee kushikilia nafasi?

Nahodha_Tanga

Kwa sababu kwenye orodha bado lipo, shekhe. Nafasi hushikiliwa na ukurasa, hata kopo likiwa limeshabebwa na mvua.

Mimi nilisubiri. Kulikuwa na kasha la mgeni karibu na pwani yetu, aliliweka likizoni akarudi kwao. Ndiyo maana mwongozo unataka mtu awe na namna ya kulitunza kasha lake. Nikaandika taarifa kwamba linahitaji mwenyewe alikague. Kimya. Baada ya wiki kadhaa nikaandika ile ya kumwomba mpitiaji, yaani mtu anayekagua makasha kwa niaba ya mchezo, aangalie. Mpitiaji akalisimamisha kwa muda, akampa mwenye nalo nafasi ya kujibu, ndipo akaliweka kando moja kwa moja. Nafasi ikafunguka. Ilinichukua miezi, na wapitiaji ni watu wa kujitolea, huwezi kuwagongea mlango kila siku.

Ushauri wangu: andika taarifa ya kweli kuhusu ulichokikuta, kwa faida ya watafutaji wote. Usiiandike kwa ajili ya kupata nafasi. Na usikae kusubiri huku mpango wako umelala.

JiweLaMwamba (Mombasa)

Nina njia ya nne ambayo sijaona ikitajwa. Fundisheni jiolojia! Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kwangu Mji Mkongwe ni darasa. Zile kuta ni matumbawe ya kale na chokaa. Pale plasta ilipobanduka, sogeza uso karibu na utaona vijitundu vya mnyama wa baharini vimekaa ukutani kama sega la nyuki. Kasha la aina ya EarthCache halina kopo; mtafutaji anajibu maswali kuhusu mwamba. Kwa kuwa halina kopo, zile mita 161 hazilihusu.

Vile vile kuna Adventure Lab, vituo vitano hivi ndani ya programu ya simu, nayo haifungwi na umbali. Ila hiyo lazima upewe nafasi na makao makuu ya mchezo, huwezi kuianzisha tu ukipenda.

Bi_Dira

Mwalimu, hoja yako nzuri, ila somo la EarthCache lazima liwe la mwamba. Yeye anataka kusimulia ubao na patasi. Tena watoto wanapenda kufungua kitu. Mwanangu hata mtaa haukumbuki, lakini kopo alilolifungua analikumbuka.

MpandaNgazi, jambo moja kabla hujanunua kopo. Makasha ya fumbo na ya vituo yana sehemu ambazo ramani haikuoneshi hadi uyatatue. Hapa Dar nilichagua mti mzuri, nikaandaa kila kitu, kumbe mita 90 kutoka pale kuna mwisho wa fumbo la mtu. Nikahama, nikagonga jingine. Fungua ukurasa wako bila kuutuma, weka koodineti za kopo, kisha mwombe mpitiaji akukagulie kama pako wazi. Na mwisho wa fumbo uwe ndani ya kilomita 3 hivi kutoka koodineti unazozitangaza.

KofiaNyekundu

Nimefanya hesabu kwa udadisi tu. Eneo la Mji Mkongwe lililosajiliwa na UNESCO mwaka 2000 ni kama hekta 96. Ukiyapanga makopo kwa ukamilifu wa kihesabu, yanaingia arobaini na kidogo, basi. Kila kopo linalowekwa linamnyima mtu mwingine nafasi. Kwa hiyo kopo lako lipeleke penye nafasi, na mlango ubaki mlango.

MpandaNgazi

Nimefuata ushauri wa Bi_Dira, nimekwenda mlangoni leo na daftari. Nimehesabu njumu za shaba, safu kwa safu, ubao wa kulia halafu wa kushoto. Moja haipo, limebaki tundu jeusi, na sasa sijui watafutaji watalihesabu au hawatalihesabu. Nitauliza swali juu ya ubao wa kushoto tu, ulio kamili. Mwenye nyumba, bibi mmoja, alitoka akaniuliza ninahesabu nini. Nilipomweleza alinikubalia, akaniomba nisiwalete watu wakati wa sala ya Ijumaa. Nitaiandika hiyo kwenye ukurasa.

Kopo nalitazamia upande wa Vuga. Kesho nakwenda kuuliza ruhusa ya kuliweka, halafu natuma koodineti kwa mpitiaji.