Prince Naseem alikuwa bondia wa kweli, ila Azumah Nelson yuko juu yake

Kila ukianza mjadala wa mabondia wa uzito wa unyoya, lazima atokee wa kusema Naseem Hamed, yule Mwingereza aliyejiita Prince, ndiye bora kuliko wote waliowahi kupanda ulingoni kwa kilo 57. Hapohapo mwingine atamjibu kwamba yule alikuwa mtu wa maonyesho tu, na siku alipokutana na bondia aliyekamilika akaumbuka. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao, na huyu wa pili ananiudhi zaidi. Naweka hoja yangu hapa: Naseem alikuwa bondia wa kweli, ila Azumah Nelson wa Ghana yuko juu yake. Mnipinge kwa mapambano yaliyopiganwa.

Nianze na hayo maonyesho. Ni kweli, Naseem aliingia ulingoni kwa kupinduka juu ya kamba, akavaa bukta yenye madoa ya chui, akacheza dansi nyuma ya pazia huku mpinzani akimsubiri. Machi 2000 jijini London alishuka ukumbini juu ya zulia linalopaa. Lakini usiku huohuo alimmaliza Vuyani Bungu wa Afrika Kusini katika raundi ya 4, na Bungu alikuwa bingwa wa IBF (moja ya taasisi nne zinazotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, pamoja na WBO, WBC na WBA) kwa miaka kadhaa katika uzito wa chini yake. Zulia halikurusha konde hata moja.

Ufundi wake ulitoka kwa Brendan Ingle, Mwairishi aliyekuwa na gym yake mtaa wa Wincobank, Sheffield, jirani kabisa na duka la wazazi wa Naseem waliotoka Yemen. Ingle alichora mistari sakafuni na kuwafanya vijana wake waivuke mbele, nyuma na pembeni kwa saa nzima hadi miguu ikazoea. Ndiyo maana Naseem aliweza kushusha mikono kiunoni, akarudisha kiwiliwili nyuma konde likapita mbele ya pua, kisha akajibu kwa kushoto kutoka pembe ambayo mpinzani hakuitazamia. Wakati mwingine alirusha huku miguu yake yote haijakaa sawa, na bado mtu akalala. Mapambano 37, ushindi 36, na 31 kati ya hayo yakaisha kabla ya muda. Nguvu za namna hiyo katika uzito mdogo hazipatikani kila siku.

Anayesema hakuwa na moyo akaangalie pambano lake na Kevin Kelley, Desemba 1997, Madison Square Garden. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupigana Marekani. Aliangushwa mara tatu, akamwangusha Kelley mara tatu, akashinda raundi ya 4. Mtu wa maonyesho tu angeomba kurudi hotelini baada ya kuanguka mara ya pili.

Tena alikuwa na miaka 21 tu alipokwenda Cardiff, Septemba 1995, kumvua Steve Robinson mkanda wa WBO mbele ya watu wa Robinson mwenyewe. Mkanda huo akautetea mara 15. Njiani akamsimamisha Tom Johnson, yaani mwamuzi akakatisha pambano, na kuchukua wa IBF, akampiga Cesar Soto na kuchukua wa WBC, akamsimamisha Wilfredo Vázquez aliyekuwa bingwa wa WBA hadi muda mfupi kabla ya hapo. Hapo ndipo mashabiki wake huweka nukta, na hapo ndipo mimi nina maswali. Vázquez alikuwa na miaka 37. Pambano la Soto lilijaa kushikana na kusukumana, halikupendeza hata kidogo. Na Juan Manuel Márquez wa Mexico, aliyekaa muda mrefu kwenye foleni ya WBO akingoja nafasi yake, hakuwahi kupewa. Mmexico mwingine, Erik Morales, naye hakukutana na Naseem.

Sasa Barrera. Aprili 7, 2001, Las Vegas. Wengi walidhani Marco Antonio Barrera, Mmexico pia, atakuja kubadilishana makonde kama alivyofanya na Morales mwaka mmoja nyuma. Hakufanya hivyo. Alizunguka, akangoja kushoto ya Naseem ipite hewani, akamrudishia konde la pembeni la kushoto, raundi baada ya raundi. Majaji wawili walimpa Barrera ushindi wa 115-112, wa tatu 116-111, na hapo Barrera alikatwa pointi raundi ya 12 kwa kumsukuma Naseem kichwa kwenye kona. Kumbuka pia kwamba Barrera ndiye aliyepanda kutoka uzito wa chini.

Kupigwa na Barrera hakumshushi bondia yeyote hadhi. Ninachomlaumu Naseem ni kilichofuata. Alipigana mara moja tu, Mei 2002, na Manuel Calvo, akashinda kwa pointi ukumbi ukimzomea, kisha akaacha ngumi akiwa na miaka 28. Najua mikono yake ilikuwa imeumia, na sipuuzi hilo. Ila Barrera huyohuyo alisimamishwa na Manny Pacquiao wa Ufilipino mwaka 2003, akarudi ulingoni, na mwaka uliofuata akampiga Morales.

Hapo namleta Azumah Nelson. Julai 1982 Mghana huyu aliitwa kwa taarifa fupi kupigana na bingwa Salvador Sánchez wa Mexico, akasimamishwa raundi ya 15. Desemba 1984 akaenda San Juan, Puerto Rico, nyumbani kwa bingwa Wilfredo Gómez, akamwangusha raundi ya 11 na kuondoka na mkanda wa WBC. Mwaka 1991, akiwa amepanda uzito mmoja juu, alitoka sare na Jeff Fenech wa Australia, na wengi wakasema Fenech alidhulumiwa. Nelson akamfuata Melbourne, Machi 1992, akamsimamisha raundi ya 8 kwao. Desemba 1995, akiwa na miaka 37, akamsimamisha Gabriel Ruelas na kurudisha mkanda wa WBC wa uzito huo wa juu aliokuwa amepoteza.

Sisi wa pwani tuna majirani na ndugu wengi wenye asili ya Yemen, na naelewa fahari ya kumwona kijana Mwislamu akitaja jina la Mungu mbele ya kamera za HBO, televisheni ya Marekani. Mimi mwenyewe ninayo. Hata hivyo inaniuma Mwafrika wa aina ya Nelson akitajwa mara moja kwa kila mara kumi za Naseem.

Kwangu mabingwa wa zamani Willie Pep, Sandy Saddler, Sánchez, Eusebio Pedroza na Nelson wako juu. Naseem namweka ndani ya 20 bora wa uzito huu, na nafasi yake katika Ukumbi wa Kimataifa wa Mashuhuri wa Ngumi (Hall of Fame) mwaka 2015 ilikuwa haki yake. Anayemweka juu ya Nelson anitajie usiku mmoja wa Naseem unaolingana na ule wa Melbourne.