Ushauri: Kupima misuli kwa CT kwenye pingili ya L3, mgonjwa amekonda lakini namba imepanda

MlisheKwanza
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua picha. Tunapima misuli ya wagonjwa wa saratani kwa kutumia CT (picha za eksirei za vipande vya mwili) za tumbo walizokwisha kupigwa kwa ajili ya matibabu, kwa njia ya kipande kimoja kwenye pingili ya tatu ya kiuno (L3). Programu ni 3D Slicer, mipaka ya kuhesabu pikseli kuwa misuli ni −29 hadi +150 HU (vizio vya Hounsfield, kipimo cha jinsi tishu inavyozuia mionzi kwenye CT). Kuna mwanamume mwenye urefu wa mita 1.72, ana picha mbili zilizopishana wiki nane. Ya kwanza imetoa sm² 131, ya pili sm² 138. Katika muda huo ameshuka kutoka kilo 76 hadi 72. Misuli imeongezekaje? Pia naomba kujua tutumie kiwango gani kusema misuli ni pungufu, na kama ingefaa zaidi kuomba DXA (skani ya mionzi hafifu inayopima mifupa, mafuta na tishu isiyo mafuta).

FundiPikseli
Karibu mkuu. Usijadili misuli kabla hujasoma taarifa zilizomo ndani ya faili la DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali). Tuletee za picha zote mbili: unene wa kipande, kilovolti, kichujio kilichotumika kuunda picha, na kama dawa ya kontrasti (inayong'arisha damu kwenye picha) ilitumika na katika awamu gani. Tupe na wastani wa HU wa misuli uliyoichora.

MlisheKwanza
Ya kwanza: mm 1.25, kV 120, kichujio cha tishu laini, bila kontrasti, wastani 29 HU. Ya pili: mm 5, kV 120, kichujio hichohicho, awamu ya vena (kontrasti ikiwa imefika kwenye vena), wastani 36 HU.

FundiPikseli
Basi hizo picha si za kulinganishwa jinsi zilivyo. Kwanza unene. Kipande cha mm 1.25 kina robo ya unene wa mm 5, kwa hiyo mambo mengine yakiwa sawa, chenga zake (punjepunje zinazochafua picha) ni mara mbili. Chenga zinatawanya thamani za pikseli juu na chini ya wastani. Misuli yenye wastani wa 29 haiko mbali sana na −29, hasa pale mafuta yalipopenya kati ya nyuzi, hivyo pikseli nyingi za misuli halisi zinaangukia nje ya mpaka wa chini na hazihesabiwi. Ukikuza picha utaziona: vitundu vidogo vidogo vilivyotapakaa katikati ya misuli.

Pili kontrasti. Damu yenye dawa inapandisha HU ya misuli kwa vizio kadhaa, na pikseli zilizokuwa chini kidogo ya −29 zinaingia ndani. Kwenye eneo athari yake ni ndogo, kwenye wastani wa HU ni kubwa. Kwa hiyo hiyo 29 kuwa 36 usije ukaiandika kama "ubora wa misuli umeimarika". Hiyo ni dawa.

La unene linatibika. Unganisha vipande vinne vya mm 1.25 kwa kuchukua wastani wao upate mm 5, au waombe radiolojia waunde picha upya kwa mm 5 kama data ghafi bado ipo. La kontrasti halirudishiki nyuma, chagua awamu moja na ubaki nayo.

PingiliYaTatu
Naongezea upande wa mwili. Hakikisha kwanza kwamba hiyo kweli ni L3, na kwamba ni sehemu ileile ya L3 kwenye picha zote mbili. Tumia picha ya ubavuni: tafuta mfupa wa sakramu, pingili inayoukalia ni L5, kisha panda mbili. Halafu thibitisha kutoka juu kwa ubavu wa 12. Ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga mara nyingi uko usawa wa L4, ila usiutegemee peke yake. Wapo watu ambao L5 yao imeungana na sakramu, na wapo wenye pingili sita za kiuno. Hesabu ya chini na ya juu zisipokubaliana, andika hivyo kwenye jedwali na utumie pingili ileile kila safari.

Ndani ya L3 chagua kipande ambacho mabawa yote mawili ya pembeni ya pingili yanaonekana. Likionekana moja tu, mgonjwa amelala upande au mgongo umepinda.

Misuli ya kuchora: psoasi (iliyo kando ya pingili), ile ya kusimamisha mgongo, kwadrati ya kiuno, tabaka tatu za ukuta wa tumbo ubavuni, na rektasi mbele. Kinachoharibu kazi ni kwamba figo, kuta za utumbo na baadhi ya kinyesi navyo viko ndani ya −29 hadi +150. Mipaka ya HU haijui anatomia. Ukuta wa tumbo unapogusana na utumbo, chora mpaka kwa mkono. Ngozi pia futa.

Angalia na upeo wa picha: kwa mtu mnene ubavu mmoja unaweza kukatwa, na hapo hakuna namba ya kutoa.

Kijana_wa_Skani
Samahani wakubwa, kwa nini asipime psoasi peke yake? Ni duara mbili tu, dakika moja umemaliza.

PingiliYaTatu
Wepesi wake ndio mtego, kijana. Psoasi ni sehemu ndogo ya misuli yote ya usawa huo, kwa hiyo kukosea mstari mmoja wa pikseli kuizunguka ni asilimia kubwa ya jibu. Umbo lake pia hubadilika haraka ukishuka kutoka L3 kwenda L4. Kukosea kipande kidogo tu kunatosha kukupa "badiliko". Eneo la misuli yote ya L3 ndilo linaloshabihiana vizuri na misuli ya mwili mzima.

MlisheKwanza
Nimeunganisha vipande vya picha ya kwanza kufikia mm 5: imetoa sm² 137. Kwenye ya pili, kipande changu kilikuwa chini ya mabawa, karibu na L4. Nilipokirudisha mahali pake imetoa sm² 134.

FundiPikseli
Hapo sasa. Kutoka 137 hadi 134 ni pungufu kama asilimia 2.2, na kwa kuwa ya pili ina kontrasti inayoivuta juu, upungufu halisi huenda umezidi hapo kidogo.

Tahadhari moja ya Slicer: jedwali lake la takwimu linatoa ujazo. Ili upate eneo, gawanya kwa umbali kati ya kipande na kipande, na umbali huo si lazima ulingane na unene. Picha za mm 5 zilizopangwa kila mm 2.5 zikigawanywa kwa 5 zitakupa nusu ya misuli. Na kama kuna mtu anafanya kazi kwenye JPEG, aache: HU hazimo tena na ukubwa wa pikseli umepotea.

DktLishe_Saratani
Kuhusu viwango. Gawanya eneo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe: 1.72 × 1.72 = 2.958, kwa hiyo 137 ni 46.3 sm²/m² na 134 ni 45.3. Viwango vinavyotajwa sana ni 52.4 kwa wanaume na 38.5 kwa wanawake (Prado na wenzake, 2008), lakini vilitoka kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wanene kupindukia. Vya Martin na wenzake, 2013, ni 41 kwa wanawake wote. Kwa wanaume ni 43 kama BMI (kilo kugawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe) iko chini ya 25, na 53 kama ni 25 au zaidi.

Sasa mtazame mgonjwa wako. Kwenye kilo 76 BMI ni 25.7, kiwango chake ni 53, na 46.3 ni pungufu. Kwenye kilo 72 BMI ni 24.3, kiwango kinashuka hadi 43, na 45.3 inahesabika kuwa nzuri. Yaani kwenye karatasi amepona kwa kukonda! Kumpangia mtu kundi siku ya kwanza, viwango hivyo vinafaa. Kumfuatilia, tumia eneo lenyewe.

Usisahau uvimbe wa maji. Maji yako karibu na 0 HU, yaani ndani ya mipaka yako, hivyo misuli iliyolowa inapimwa kuwa mikubwa. Eneo likipanda huku wastani wa HU ukishuka, kwenye awamu ileile, kagua albumini (protini ya damu) na uvimbe wa miguu kwanza.

Tena, picha haipimi nguvu. Kwa mwongozo wa Ulaya wa 2019 kuhusu upungufu wa misuli unaanza na nguvu ya mkono, chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, ndipo picha ithibitishe.

Radiografa_K
DXA: mionzi yake ni midogo sana ukilinganisha na CT ya tumbo, na inapima mikono na miguu moja kwa moja. Kwa mwongozo huohuo, misuli ya mikono na miguu kugawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe ikiwa chini ya 7.0 kg/m² kwa mwanamume au 5.5 kwa mwanamke ni pungufu. Ila inachokiita tishu isiyo mafuta ni pamoja na maji, kwa hiyo mgonjwa mwenye miguu iliyovimba ataonekana shujaa. Kwa wagonjwa wenu ambao CT zipo tayari, sioni haja ya kuiongeza. Kinyume chake pia ni kweli: msimpige mtu CT kwa ajili ya kupima misuli tu.

Mkipata MRI (picha za sumaku), mipaka ya HU haitumiki kabisa, kwani thamani zake hazina kipimo kimoja kwa mashine zote. Hapo ombeni mfuatano wa Dixon unaotenganisha maji na mafuta.

MlisheKwanza
Asanteni sana. La mwisho: tukitumia programu ya kuchora yenyewe?

FundiPikseli
TotalSegmentator itakutafutia L3 na kukuokolea muda mwingi, lakini orodha yake ya kawaida haina ukuta wa tumbo. Misuli yote kwa pamoja iko kwenye kazi ya ziada inayohitaji leseni. Vyovyote vile kagua kila picha kwa jicho, hasa ukuta wa mbele kwa watu waliokonda sana.

Kisha pimeni usahihi wenu: chukueni picha 30, zipimwe mara mbili bila mpimaji kuona jibu la kwanza, mpate hitilafu kwa asilimia. Zidisheni kwa 2.77 mpate badiliko dogo kabisa la kuaminika. Hitilafu ikiwa 1.5, badiliko lililo chini ya asilimia 4.2 msiliandike kama badiliko, na hiyo 2.2 ya mgonjwa wako imo humo. Ila angalia: ile 131 hadi 138 ilikuwa asilimia 5.3, ingepita kizingiti hicho bila shida. Kupima picha ileile mara mbili hakugundui tofauti ya skani, ndiyo maana jedwali lenu liwe na safu za unene, kilovolti, kichujio na awamu kabla ya safu ya eneo.